Kifurushi cha igizo la Krismasi la watoto: skripti nunua, boksi la mavazi liache dukani

Kwa wenye haraka nawapa jibu kabisa. Kama mnataka kuandaa igizo la kuzaliwa kwa Yesu na watoto wadogo, na hamna mtu wa kukaa chini kuandika, ile skripti ya hiki kifurushi nunueni, inalipa. Boksi la mavazi liacheni hukohuko. Muziki uko katikati, una mazuri yake na una vituko vyake nitavieleza. Jina la wauzaji silitaji maana kuna sehemu nitalalamika na sitaki ugomvi na mtu, ila vifurushi vya aina hii vinafanana sana, unalipia mtandaoni, faili za kuprinti na za sauti unazipata papo hapo, af ukitaka mavazi unaongeza hela boksi linatumwa, kwahiyo hata kama wewe umeona cha kampuni nyingine haya yatakusaidia kujua uangalie nini kabla hujatoa hela yako.

Sisi tumekitumia zaidi ya Krismasi moja, na watoto wa umri tofauti, kuanzia wale wa chekechea mpaka wakubwa wa miaka 11, 12 hivi ambao tayari wanaona aibu kuvaa mabawa.

Nianze na skripti kwasababu ndiyo kazi yenyewe. Mfumo wake ni ule wa msimulizi: mtoto mkubwa mmoja au wawili (au mtu mzima, wenyewe wameruhusu) wanasimama pembeni na maiki wanasoma hadithi, wengine wote wanaifanya kwa vitendo. Mariamu anafagia, malaika anatokea, Mariamu anashtuka, msimulizi ndo anayesema kilichotokea. Mistari ya kusema kwa waigizaji ni michache na mifupi mno, "Msiogope!", "Hapa hakuna nafasi", "Twendeni Bethlehemu", basi imeisha hiyo. Mtu ambaye hajawahi kufanya kazi na watoto wa miaka minne mitano ataona kama uvivu wa mwandishi, yaani nimelipia hela mtoto aseme maneno mawili? Ila waliowahi wanajua, mtoto wa umri huo nyumbani anakariri ukurasa mzima bila kukosea, akishasimama mbele za watu akamwona mama yake anapunga mkono kule kati kila kitu kinafutika. Sasa kama igizo mmelijenga juu ya mistari yake mnakwama wote, Yusufu anamsubiri Mariamu, Mariamu anamsubiri mwalimu, mwalimu ananong'ona mpaka watu wa siti za nyuma wanamsikia. Kwa msimulizi hadithi inaendelea tu, mtoto akisahau inasomwa sentensi inayofuata na hakuna aliyejua kama kuna kitu kimerukwa. Nimeshaona skripti nyingine, za bure nyingi tu, ambazo Yusufu ana hotuba ya nusu ukurasa kuhusu sensa ya Kaisari Augusto, jamani huyo ni mtoto wa darasa la pili.

Kitu kingine, skripti hii inatanuka. Unaweza ukawa na watoto tisa ukaifanya, unaweza ukawa na 40 ukaifanya. Nafasi zisizokuwa na kikomo ni malaika, wachungaji na kondoo, na kwa malaika hata maandiko yanakupa ruhusa maana Luka 2:13 inataja wingi wa jeshi la mbinguni, haisemi malaika wanne, na wachungaji vilevile Luka hakutaja idadi. Hii inasaidia sana kwa wale watoto wanaoletwa siku ya mwisho ya mazoezi na mzazi anasema "mwalimu na huyu naye mtafutie kitu". Anakuwa kondoo. Kondoo hana mstari, hana pa kusimama maalum, anafuata wenzake, anakaa, anasema mee akijisikia. Kuna pia nafasi ya Nyota ambayo waandishi wameifikiria vizuri kwa mtoto ambaye hataki au hawezi kuongea mbele za watu: anashika fimbo yenye nyota anatangulia mbele ya mamajusi, kazi yake ni kutembea polepole na kusimama. Ni nafasi ya heshima kabisa, watu wote wanamwangalia, na hakuna neno hata moja la kusema. Tulimpa mtoto ambaye makelele na watu wengi vinamsumbua, akapita akiwa na vile vizuia sauti vyake masikioni, na mwongozo wa walimu unaokuja na skripti ulikuwa umeshashauri mtoto wa namna hiyo aingie muziki ukiwa umeshashushwa. Hapo niliwavulia kofia.

Upande wa maandiko nilikuwa na wasiwasi kwasababu maigizo mengi ya Krismasi yanachanganya Luka na Mathayo kwenye sufuria moja. Hawa wamejitahidi kuliko wengi. Mamajusi hawafiki usiku uleule pamoja na wachungaji. Mathayo 2:11 inasema waliingia nyumbani wakamwona mtoto na Mariamu mama yake, hakuna zizi hapo, na ukiangalia Herode baadaye aliua watoto wa miaka miwili kushuka chini unaona kuna muda ulikuwa umepita. Skripti wanafanya hivi: wachungaji wakishaondoka unaimbwa wimbo, wakati wa wimbo hori linasogezwa pembeni na Mariamu anaenda kukaa kwenye stuli, msimulizi anasema siku zikapita, ndipo wageni wa mashariki wanaingia. Sekunde chache tu na jambo limekaa sawa. Halafu idadi ya mamajusi hawajaifunga kwenye watatu, wameandika "wawili au zaidi" na wakaeleza kwamba kilichohesabiwa kwenye Mathayo ni zawadi, dhahabu, uvumba na manemane, watu wenyewe hawakuhesabiwa. Majina ya Gaspari, Melkiori na Balthazari hayamo na sijayakosa, hayo ni mapokeo ya baadaye.

Mwenye nyumba ya wageni yupo, tena watatu, wanagongewa milango wanakataa. Kiukweli kwenye Luka huyo mtu hayupo, tunaambiwa tu hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni, na punda wa kumbeba Mariamu vilevile hayupo, ng'ombe na punda kando ya hori nao hawatajwi kwenye Injili, watu wa kale waliwaleta kwa kuunganisha na Isaya 1:3 pale ng'ombe na punda wanapomjua bwana wao. Mimi sina ugomvi na wenye nyumba hao. Ni nafasi tatu nzuri kwa watoto wenye sauti kubwa, na huwa ndo sehemu watu wanacheka, hasa yule wa tatu ambaye skripti inamwambia apige miayo kabla ya kufungua. Mwongozo umewaandikia walimu pembeni kipi kimo kwenye maandiko na kipi ni nyongeza ya jukwaani, ili mtoto akiuliza usibabaike. Hilo ni jambo ambalo ningependa kila mwenye kuuza skripti za namna hii alifanye.

Herode wamemweka kwa ufupi, anakaa kwenye kiti, anauliza maswali, anakasirika, anaondoka. Mauaji ya watoto hayamo, msimulizi anaishia pale mamajusi wanapoonywa katika ndoto na kurudi kwao kwa njia nyingine. Kwa umri huu sawa kabisa.

Ila mwongozo huohuo una ukurasa wa historia ambao umeniudhi kidogo. Wanasema Fransisko wa Asizi mwaka 1223 kule Greccio, Italia, ndiye aliyeandaa igizo la kwanza la Krismasi akiwa na waigizaji wa Mariamu, Yusufu na wachungaji. Greccio sawa, mwaka sawa, lakini simulizi ya Thomaso wa Celano, aliyeandika maisha ya Fransisko miaka michache tu baada ya kifo chake cha 1226, inataja hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda wa kweli, watu wamekuja usiku na mishumaa na mienge, ikasomwa misa na Fransisko kama shemasi akaiimba Injili. Mtu wa kuvaa nguo za Mariamu hayumo humo. Na maigizo ya Krismasi ndani ya makanisa ya Ulaya yalikuwepo hata kabla ya hapo. Siyo kosa la kuharibu igizo lenu, ila kama mtasoma huo ukurasa kwa wazazi kama utangulizi, rukeni hiyo sentensi.

Mpangilio wa faili. Kila mhusika ana karatasi yake moja yenye picha na kazi yake, mtoto anaenda nayo nyumbani, safi. Cha ajabu ni nakala ya msimulizi. Imepangwa bila kujali ukurasa unaishia wapi, kwahiyo sentensi ya malaika Gabrieli inaanzia chini ya ukurasa mmoja na kumalizikia ukurasa wa pili, mtoto anasoma "Usiogope, Mariamu, kwa maana umepata" af kimya, karatasi inageuzwa, maiki inapokea kwarakwara zote, "neema kwa Mungu". Namba za kurasa hamna. Tulichofanya ni kuinakili upya kwenye kompyuta kwa herufi kubwa, kila tukio ukurasa wake, tukaweka kwenye faili lenye mifuko ya plastiki ili karatasi zisipeperuke wala zisipishane. Mngetegemea kitu mlicholipia kije hivyo tayari.

Sasa muziki. Mnapewa nyimbo sita, kila wimbo umo mara mbili, moja yenye sauti za watoto wanaimba kwa ajili ya kujifunza na nyingine vyombo vitupu kwa ajili ya siku yenyewe. Wazo zuri. Tabu inaanza unapofungua folda. Faili zimeitwa namba tu, 01, 02, mpaka mwisho, na huo mpangilio haufuati skripti, wimbo wa malaika ambao unaimbwa mapema ndo uko namba 09, na wimbo wa kuingilia unatumika tena mwisho ila hawajauweka mara mbili. Mtu wa mitambo ambaye hakuwepo kwenye mazoezi hawezi kuelewa kitu. Kabla ya kufanya chochote zibadilisheni majina, ziwekeni kwenye flashi kwa mpangilio wa matukio, ule wa mwisho uurudie, na kama mnapigia kwenye simu basi zimeni mtandao kabisa maana simu ikipigwa katikati ya usiku wa Bethlehemu hapo hakuna msimulizi wa kuokoa.

Kubwa zaidi ni kwamba nyimbo mbili ziko juu sana. Watoto wengi wa umri wa shule ya msingi wanaimba vizuri kuanzia do ya kati mpaka do au re ya juu yake, ukiwapandisha zaidi ya hapo wadogo wanapiga kelele na wakubwa wananyamaza. Wimbo wa malaika unapanda mpaka fa. Kwenye ile rekodi watoto wanaimba vizuri sana, lakini wale ni kwaya waliofundishwa, siyo hawa wetu ambao nusu yao wanatafuta kiatu. Zipo programu za bure za kuhariri sauti ambazo zinashusha ufunguo, yaani wimbo mzima unakuwa chini zaidi, bila kupunguza kasi, tulishusha, ukawa mzuri. Ila si kila kikundi kina mtu wa kufanya hivyo, na kama hamna ushauri wangu ni kuachana na vyombo kwenye hizo mbili, mtu mzima mwenye sauti ya wastani aanzishe, watoto wafuate, na mkono wa kuongoza uonekane. Watu hawaji kusikiliza kinanda cha kompyuta.

Utangulizi wa nyimbo nao hauna msimamo, mmoja unakupa mapigo manne umeshaingia, mwingine unacheza nusu dakika nzima kabla ya sauti, watoto wanaanza kuangaliana. Andikeni pembeni ya skripti kila wimbo unaanzia wapi.

Nisisahau leseni kwasababu watu wengi hawasomi. Ukinunua unapewa ruhusa ya kuprinti nakala kwa ajili ya kikundi chako na kuigiza bila kutoza kiingilio. Kurekodi na kurusha mtandaoni ni ruhusa nyingine na inalipiwa kivyake. Na wako ndani ya haki yao, maana skripti ni mpya na nyimbo ni mpya, waliotunga wapo hai. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unaweka kima cha chini cha ulinzi cha miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, nchi nyingi zimeenda mpaka 70, kwahiyo tenzi za zamani sana ziko huru lakini tafsiri yake au mpangilio mpya wa vyombo unaweza usiwe huru. Kama wazazi wenu wanapenda kurusha moja kwa moja kwenye simu zao, ongeeni nao mapema, na hapo bado hujagusa suala la picha za watoto wa watu wengine kwenda hewani, ambalo mwongozo umeligusa kwa mstari mmoja tu na lilistahili ukurasa.

Haya, boksi. Kwenye picha ya tangazo watoto wanang'aa, kila mtu kilemba kimekaa, taji zimenyooka. Boksi lilipofika kwanza lilikuwa dogo kuliko nilivyotarajia, nguo zimekandamizwa humo kwenye vifuko vya nailoni, mikunjo haitoki hata kwa pasi maana ukiongeza moto kitambaa kinaanza kujikunja chenyewe. Ni poliesta nyembamba ile ya kumetameta, inanata mwilini, na watoto wanatoka jasho humo ndani kabla hata taa za jukwaa hazijawashwa. Saizi ni moja kwa wote. Moja! Kanzu ya mchungaji kwa mtoto wa miaka 10 inafika magotini, kwa mtoto wa miaka mitano inaburuta na ndiyo iliyomwangusha mchungaji wetu mmoja wakati anakimbilia Bethlehemu, akainuka mwenyewe akacheka, ila angeweza kuangukia meno. Upindo haukushonwa, umekatwa tu, nyuzi zinatoka.

Mabawa yana waya ndani na lastiki mbili za kupitisha mabegani. Lastiki ni nyembamba, zinakata kwapa, mtoto anavumilia kidogo tu af anaanza kujikuna. Pia ni mapana mno, malaika wawili hawawezi kusimama bega kwa bega bila kuchomana, na wewe ulikuwa na mpango wa jeshi la mbinguni. Zile duara za kichwani zimesimamishwa na kijiwaya kinachocheza kila mtoto akitikisa kichwa, wadogo wameligundua hilo mapema na wakalifanya makusudi. Taji za mamajusi ni karatasi ngumu yenye rangi ya dhahabu, zinafungwa nyuma kwa kibandiko, hizo kwa kweli ziko poa, ndiyo kitu pekee kwenye boksi ambacho nakitumia bila kunung'unika. Ndevu za Herode na mwenye nyumba zinaacha manyoya mdomoni. Kofia za kondoo zina masikio mazito yanayoziba masikio ya kweli, kwahiyo kondoo hawasikii msimulizi, hawasikii mwalimu, wanabaki wamekaa wakati wote wanaondoka.

Na kuna hili la moto, naliandika bila utani. Nguo hizo zimeandikwa kwenye lebo ziwekwe mbali na moto, na kwenye skripti hiyohiyo kuna tukio la mwisho ambapo malaika wanashika mishumaa. Mwongozo unasema mishumaa "au taa za betri". Hiyo "au" ifuteni. Taa za betri tu, mabawa yale na nywele za watoto na mshumaa wa kweli haviwezi kukaa pamoja, hata kama kuna mtu mzima kila baada ya watoto wawili.

Nguo za igizo hili ni rahisi kuliko nguo za igizo lingine lolote, ndo maana boksi linaniuma. Mchungaji ni shati kubwa la baba lililogeuzwa, mkanda wa kamba, kitambaa kichwani kimefungwa na utepe. Mariamu ni mtandio. Malaika ni fulana nyeupe na utepe wa kumetameta kichwani, mabawa hata yasipokuwepo hakuna mtu atakayeuliza, maana huyo ndiye aliyesema "Msiogope". Kondoo ni utepe wa kichwani wenye masikio ya karatasi na pamba, uso wazi, masikio wazi. Vinyago vya kufunika uso msitumie kabisa, wadogo watazamaji wanaogopa na wavaaji hawaoni ngazi. Mtoto mchanga ni mdoli aliyefungwa vizuri kitambaani, wazazi wa mtoto mchanga wa kweli wakijitolea washukuruni kwa upole, hamuwezi kupanga analia saa ngapi.

Mazoezi. Mwongozo hapa umenifurahisha kuliko sehemu nyingine yoyote ukiondoa skripti. Hautaki watoto wote waje kila siku. Unagawa igizo kwenye vipande, Nazareti, safari, wachungaji, mamajusi, kila kundi linafanya kipande chake kifupi peke yake, vinaunganishwa mwishoni tu. Ukishawahi kuwa na kundi zima limekaa linasubiri zamu huku mwalimu anarudia mlango wa mwenye nyumba wa pili, unaelewa thamani ya hilo. Wanasema pia kila nafasi yenye mstari iwe na mtoto wa pili anayeijua, kwasababu mafua hayaangalii kalenda, na wanashauri huyo wa pili awe kati ya malaika siku hiyo ili asikae bure pembeni. Wana mchoro wa jukwaa wenye mishale, nani anaingilia wapi, na wameweka alama za kubandika sakafuni za rangi tofauti kwa kila kundi. Kutoka Nazareti kwenda Bethlehemu ni zaidi ya kilomita 100 za kutembea, kwenye mchoro wao safari hiyo inaanzia mlango wa nyuma inapita katikati ya watu mpaka mbele, na imepangiwa wimbo mzima ili Mariamu na Yusufu wasikimbie. Watoto wote wanakimbia jukwaani, sijui kwanini, ukiwapa wimbo wa kutembea nao wanapungua kidogo.

Kuhusu kugawa nafasi wamekuwa waoga. Wameandika "tumia busara". Busara ipi? Hapo ndipo vita vyote vinapoanzia, nani atakuwa Mariamu, mtoto wa nani, mwaka jana alikuwa nani. Sisi kwa nafasi zenye majina tunapiga kura ya bahati, vikaratasi vinaokotwa mbele ya watoto wenyewe, na msimulizi tu ndiye anayechaguliwa kwa uwezo wa kusoma kwa sauti. Siyo wazazi wote wanaofurahi lakini hakuna aliyesema umependelea.

Muda: bila nyimbo igizo linaenda kama dakika 12, na nyimbo zote linakaribia 25, hiyo ni ndefu kwa wa chekechea. Kata nyimbo mbili. Skripti imeonyesha zipi zinaweza kuondoka bila hadithi kupasuka, na kwa bahati nzuri mojawapo ni ule wa fa ya juu.

Huduma kwa wateja. Faili moja ya sauti ilikuwa imeharibika, haifunguki, nikawaandikia, wakajibu haraka na kunitumia nyingine bila maswali, nawapa haki yao. Nilipouliza kuhusu kurudisha mavazi nikaambiwa boksi likishafunguliwa halirudi, hata nguo ziwe bado kwenye vifuko. Kwenye ukurasa wa kuuzia sharti hilo lipo ila limewekwa chini kabisa kwa herufi za sisimizi. Jambo lingine, faili unazinunua mara moja unazitumia miaka yote, hawadai malipo ya kila mwaka kama wengine wanavyofanya, na wakisahihisha skripti unapewa toleo jipya bure. Nimewaandikia kuhusu ukurasa wa Greccio na kurasa za msimulizi, wakasema watapitia. Tuone.

Nyota sasa: skripti na mwongozo nawapa nne na nusu, muziki tatu, mavazi moja na hiyo ni kwa ajili ya taji. Kama kikundi chenu kina mtu anayependa kuandika na ana muda, hamhitaji kununua chochote, Luka 1 na 2 na Mathayo 2 zinatosha, gaweni usimulizi na vitendo kama nilivyoeleza mtafika. Kama hamna huyo mtu, chukueni kile kifurushi kidogo cha faili peke yake, na angalieni vizuri wakati wa kulipa kwasababu kitufe cha boksi la mavazi kinakuja kikiwa kimeshawekwa tiki, lazima ukitoe mwenyewe.